Gitaa la stili la kwanza: hesabu leva kabla ya kuhesabu pesa

Kama unasoma haya ukiwa na dola mia saba mfukoni na roho imeshaamua, tafadhali usilipe kitu wikendi hii. Lile gitaa uliloliona linauzwa, mbao yake inang'aa na limeandikwa Sho-Bud Maverick, nalijua. Watu kadhaa wameshanitumia picha za aina hiyo hiyo wakiniuliza kama wameangukia bahati. Jibu langu huwaudhi, kwa hiyo leo naliandika lote mahali pamoja, niwe natuma kiungo tu.

Kwa wale waliopotea njia wakajikuta hapa: nazungumzia gitaa la stili la pedali. Halipakatwi wala halivaliwi begani. Lina miguu yake minne, nawe unakaa nyuma yake. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi kumi kwa kucha za kuvaa vidoleni, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma cha mviringo juu ya nyuzi hizo, mguu wa kushoto uko kwenye pedali tatu, wa kulia kwenye pedali ya sauti, na magoti yote mawili yanasukuma leva zilizoning'inia chini. Mke wangu anasema uso nao unafanya kazi, na amenirekodi kuthibitisha.

Sauti yake unaijua hata kama chombo chenyewe hujawahi kukiona. Ni ule mlio unaopanda na kushuka nyuma ya mwimbaji wa kantri, kama mtu anayetaka kulia lakini wageni bado wapo sebuleni. Sisi tuliokulia upande wa Nyahururu, ambako mpiga gitaa mmoja baani hutoka kwenye mugithi akaingia Kenny Rogers bila kupumua, hatukuhitaji kufundishwa kuipenda. Nyumbani kwetu kulikuwa na mabishano tu kama ni fidla au kinanda.

Wakenya wenzangu huku Texas huniambia, "Basi tupigie ile ya Jim Reeves." Nawapenda sana, lakini vibao vikubwa vya Jim Reeves vilirekodiwa wakati mtayarishaji Chet Atkins na wenzake kule Nashville walikuwa wanaweka kando fidla na stili ili kantri iuzike mjini. Unachosikia mle zaidi ni piano na sauti laini za waitikiaji. Ukitaka stili yenyewe, mtafute Ray Price. Bendi yake ya Cherokee Cowboys imepitiwa na Buddy Emmons na pia Jimmy Day, na majina hayo mawili utakutana nayo tena kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu mpaka leo miguu ya wapigaji inafuata ama mmoja ama mwingine.

Mimi ni fundi wa malori hapa upande wa Dallas, na Jumapili napiga besi kanisani. Kwa anayetaka stili, Dallas ni mahali pazuri kuishi. Kampuni ya magitaa haya ya MSA ilianzishwa hapa, watengenezaji wengine, Carter, walikuwa Mesquite, mwendo mfupi tu kwa gari, na bado wako wazee waliotumia maisha yao kuyapiga na kuyatengeneza. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kulipindua gitaa lake juu chini na kunieleza kila chuma kinavuta nini. Kucha za kudonolea sikuvaa siku hiyo.

Nilichojifunza kwake kuhusu kununua ni hiki. Anayeanza hana njia ya kujua kosa ni la nani. Ukiteleza na chuma ukakosa freti (ile mistari ya alama iliyochorwa chini ya nyuzi) kwa unene wa karatasi, sauti inachacha. Pedali isiporudi mahali pake, sauti inachacha vilevile. Mpigaji wa miaka ishirini anatofautisha mara moja. Wewe utajilaumu wewe, utarudia zoezi mpaka usiku wa manane, kisha utaweka chombo chini ya kitanda na kusema huna sikio la muziki, kumbe una sikio zuri kabisa na gitaa bovu. Kwa hiyo gitaa la kwanza lazima liwe lile ambalo likitoa sauti mbaya, unajua ni wewe. Urembo, jina na mwaka vinakuja nyuma ya hapo.

Sasa turudi kwa leva, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu bila kuelewa kidogo namna chombo kinavyofanya kazi utanunua kwa macho.

Mpangilio wa kawaida wa nyuzi unaitwa E9. Ukidonoa uzi wa nane, wa sita na wa tano bila kugusa pedali, unapata E, G# na B, yaani kodi ya E kamili (kodi ya muziki, yaani noti zinazolia pamoja, si ya KRA). Pedali ya kwanza, A, inapandisha nyuzi za B ziwe C#. Pedali B inapandisha nyuzi za G# ziwe A. Ukikanyaga zote mbili pamoja, kodi yako ya E imekuwa A bila mkono wa kushoto kusogea hata kidogo. Pedali ya tatu, C, inapandisha uzi wa nne kutoka E hadi F# na uzi wa tano kutoka B hadi C#.

Chukua wimbo wowote wa G. Weka chuma freti ya tatu: hiyo ni G. Kanyaga A na B papo hapo: ni C. Sogea freti ya tano ukiwa umekanyaga: ni D. Nyimbo nusu za kanisani umeshazimaliza. Tena uzuri wake si kodi zenyewe, ni safari ya kutoka moja kwenda nyingine huku nyuzi zikiendelea kulia. Bud Isaacs ndiye aliyewaamsha watu kwa hilo, katika wimbo wa Webb Pierce uliovuma mwaka 1954. Pedali zilikuwepo kabla yake, ila zilitumika kubadilisha mpangilio kabla ya kupiga. Yeye alikanyaga uzi ukiwa bado unalia, na inasemekana wapigaji nchi nzima walianza kuchomelea vyuma chini ya magitaa yao. Kama fundi, hadithi hiyo naipenda kuliko zote.

Lakini G ile ile inapatikana pia freti ya kumi, ukiwa umekanyaga A na B, na tena freti ya sita, katikati ya hizo mbili. Ile ya sita inahitaji pedali A pamoja na leva ya goti inayopandisha nyuzi za E ziwe F. Ndiyo daraja lako. Bila leva hiyo unaruka kutoka freti ya tatu hadi ya kumi ukiwa mikono mitupu. Leva nyingine inashusha nyuzi hizo hizo za E nusu toni, nayo ndiyo inayokupa kodi za huzuni na zile hatua ndogondogo ambazo bila hizo stili haisikiki kama stili. Halafu iko inayoshusha uzi wa pili, na mara nyingi wa tisa pamoja nao. Ukihesabu mahitaji haya na nafasi ya moja zaidi, unafika kwenye kile wapigaji wanachokiita tatu kwa nne: pedali tatu, leva nne.

Sasa rudi kwenye Maverick. Ina pedali tatu na leva moja. Moja! Sho-Bud walitengeneza magitaa ya kitaalamu yanayotafutwa mpaka leo kwa sauti yake, na yule Buddy Emmons alikuwa mmoja wa waanzilishi wake pamoja na Shot Jackson. Maverick lilikuwa gitaa lao la mwanafunzi. Halikutengenezwa likiwa na nia mbaya. Ila masomo karibu yote utakayoyapata, vitabu, video na walimu, yanachukulia kwamba una leva nne. Wiki chache tu na mwalimu atasema "sukuma goti la kushoto" na goti lako litasukuma hewa. Kuongeza leva baadaye si kama kufunga kioo cha pembeni, na fundi atakayekubali kazi hiyo atakutoza pesa ambazo zingekununulia chombo kinachofaa tangu mwanzo.

Kinachofaa ni kipi basi? Mtumba wa mwanafunzi wenye tatu kwa nne. Carter Starter ni mmojawapo. Kampuni ilishafungwa lakini magitaa bado yanazunguka. Stage One na Zum Encore ni mengine ambayo wazee hapa wanayapendekeza bila kukunja uso. Kwa ninavyoona matangazo, mtumba wa aina hii huangukia kati ya dola elfu moja na elfu mbili na kitu, kutegemea hali na jina. Jipya la kitaalamu huanzia kama dola 3,000 na halina dari. Najua elfu moja ni pesa. Najua pia kwamba gitaa zuri la mwanafunzi utaliuza karibu kwa bei uliyonunulia, maana foleni ya wanaolitafuta haijawahi kwisha, na lile la leva moja utakaa nalo ukitafuta mtu ambaye bado hajasoma ukurasa huu.

Kuhusu shingo mbili. Utaona tangazo limeandikwa D-10, yaani shingo mbili za nyuzi kumi kila moja: E9 ya mbali na C6 ya karibu, hii ya pili kwa muziki wa swing na jazi. Linapendeza kwenye picha. Likiwa ndani ya sanduku lake linaweza kufika kilo 30 na kuzidi, na ngazi za ghorofa yako hazijali mapenzi yako ya muziki. Tafuta S-10, shingo moja, au SD-10, ambayo ni shingo moja kwenye mwili mpana wenye pedi ya kuegemeza mikono mahali ambapo shingo ya pili ingekaa. Mimi napendelea SD-10 kwa sababu ya pedi hiyo. Ziko pia za nyuzi kumi na mbili, na wanaozipiga watakushawishi kwa saa mbili bila kunywa maji. Wasikilize kwa heshima, kisha nunua ya kumi.

Halafu wale mabwana wawili. Mpangilio wa Emmons unaweka pedali A, B, C kutoka kushoto kwenda kulia. Wa Day unazigeuza: C, B, A, na leva nazo zinabadilishana. Kila upande una watu wanaoapa kwamba kifundo cha mguu kinapenda wao. Chukua Emmons. Si kwa ubora, ni kwa sababu magitaa mengi ya mtumba na masomo mengi yamekaa hivyo.

Nafika sasa kwenye sehemu ninayoipenda, ya kulala chini. Muuzaji akikuonyesha gitaa likiwa limesimama, mwombe kwa adabu mlipindue. Akikataa, mshukuru uende zako. Chini utaona fimbo nyembamba zinazotoka kwenye mihimili zikielekea kwenye chenja, yaani ile sehemu ya mwisho ambako nyuzi zimeshikwa na vidole vya chuma vinavyozungushwa kuzipandisha au kuzishusha. Angalia kama kuna fimbo iliyokunjwa, waya wa kufungia mahali pa skrubu, kutu, au mafuta ya zamani yaliyoganda na vumbi mpaka yamekuwa gundi. Mafuta yaliyoganda yanasafishika. Waya unamaanisha kuna mtu alitengeneza usiku bila vipuri. Tazama mwisho wa fimbo, kwenye nati ndogo za nailoni ambazo kwazo kila pedali na leva hutyuniwa: zisiwe zimepasuka wala kukosekana. Hesabu miguu minne, hesabu fimbo za wima zinazounganisha pedali na mwili. Duka moja kubwa la magitaa, ambalo silitaji, lilikuwa na stili dirishani bila fimbo hata moja ya pedali, na kijana wa kaunta aliniapia kwamba limekamilika.

Kisha lisimamisheni, na utoe mashine ya kutyuni. Simu inatosha. Kanyaga A na B kwa nguvu mara kadhaa, achia, udonoe uzi wa tano na wa sita. Zimerudi pale pale? Uzi wa nne na wa nane ndio mtihani mgumu zaidi, kwa sababu leva moja inazipandisha na nyingine inazishusha. Shusha, achia, tazama. Pandisha, achia, tazama. Ikirudi tofauti kila ukitoka upande mwingine, tofauti ambayo sikio linaisikia, huenda ni marekebisho ya dakika kumi au huenda ni chenja imechoka, na wewe huwezi kujua ni lipi. Ndiyo maana unakwenda na mtu. Kisha donoa uzi wa nane peke yake uache ulie, na ukanyage A na B ambazo haziugusi. Mshale utashuka kidogo, kwa sababu mwili mzima wa gitaa unajikunja chini ya mvuto. Kushuka kidogo ni kawaida kwa magitaa mengi. Kukiwa kwingi, E yako itagombana na A yako siku zote.

Usiogope jambo moja: muuzaji anayejua kazi atakuwa ametyuni nyuzi za G# chini kidogo ya pale mashine inaposema sawa. Si uzembe. Zikiwa sawasawa na mashine, kodi ya E inawasha meno, na wapigaji wengi hushusha hizo kwa makusudi.

Na ukae. Kaa kabisa kwenye kiti kisicho na mikono, miguu kwenye pedali, magoti kati ya leva. Mimi ni mrefu, na gitaa la kwanza nililojaribu kwa mzee lilinibana mapajani hata kabla ya kusukuma kitu. Alicheka akaleta miguu mirefu zaidi. Miguu mirefu inanunulika kando, kwa hiyo si sababu ya kuliacha gitaa zuri, ni sababu ya kupunguziwa bei.

Pesa isiishie kwenye gitaa. Unahitaji chuma cha mkononi, na wapigaji wengi wa nyuzi kumi hutumia chenye kipenyo cha inchi 7/8. Mwanzoni utahisi ni kizito. Kipe muda, uzito ndio unaofanya uzi usingurume. Kucha mbili za chuma na moja ya plastiki kwa kidole gumba ni pesa ndogo. Pedali ya sauti ndiyo watu huiona kama anasa, na mimi nasema uinunue siku hiyo hiyo. Unadonoa pedali ikiwa nusu, na kadiri uzi unavyofifia unakanyaga taratibu, ndipo noti inapoendelea kuishi. Mguu wa kulia ukichelewa kulijifunza hilo, utakuja kuufundisha upya ukiwa mzee. Amplifaya yoyote safi isiyokwaruza inatosha nyumbani. Peavey Nashville 400 na spika yake ya inchi 15 ni nzuri na ni mzigo, na jirani wa chini hajakuomba.

Kwa mlioko Kenya, nimeulizwa kama inawezekana. Inawezekana, ila mtapitia kwa mtu anayesafiri au kwa mizigo ya meli, na hapo S-10 dhidi ya D-10 linakuwa swali la nauli. Agizeni nyuzi za kutosha pamoja nalo. Uzi wa tatu, ule mwembamba kuliko zote wa inchi .011, umekazwa hadi G# ya juu na unapandishwa tena na pedali B, kwa hiyo ndio unaokatika. Nunueni wa kuuzwa mmojammoja, mwingi. Na kama mchungaji ana wasiwasi kwamba ni chombo cha baa, mwambieni katika makanisa ya House of God huku Marekani stili imeongoza ibada tangu miaka ya 1930, na mpiga stili Robert Randolph alilelewa humo. Anayesema si chombo cha Mwafrika, mwekeeni King Sunny Adé wa Nigeria, rekodi za mapema miaka ya 1980, Demola Adepoju akiwa kwenye pedali.

Ukishapata tangazo lenye pedali tatu na leva nne, niandikie hapo chini: jina la gitaa, picha ya upande wa chini, na orodha ya kila pedali na leva inabadilisha uzi gani. Picha ya mbele usihangaike nayo.